Majina Yaliyokaribia Kupotea



Mwanzo wa Kwaresima msichana mmoja alifika ofisini mwa parokia yetu, hapa Kolwezi, kuomba cheti cha ubatizo. Alitaka kufunga ndoa baada ya Pasaka. Kitabu cha wino cha mwaka wake kililiwa na mchwa zamani. Ndiyo sababu tuliyaingiza majina yote katika kompyuta. Tukaridhika, wala hatukufanya nakala.

Siku ile kompyuta ilikawia sana, na ndani yake tukasikia mlio, kama saa mbovu. Tukaizima na kuiwasha mara tatu. Hilo lilikuwa kosa. Kijana mmoja fundi, Mkristu wa mtaa wetu, akatuambia, “Wazee wangu, acheni! Kila mkiiwasha mnazidi kuiumiza.”

Akatueleza hivi. Ndani ya diski mna sahani zizungukazo mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kichwa kidogo husoma juu yake pasipo kugusa, kwa nafasi ndogo kuliko chembe ya vumbi. Kikigusa, hukwaruza maandishi yenyewe. Kwa hiyo diski haifunguliwi mezani nyumbani. Tena utando wa sahani hizo, unaoshika kumbukumbu, umechanganywa na kobalti. Sisi watu wa Lualaba twaijua kobalti: Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Lakini kuichimba si kujua kuitunza!

Fundi hakuanza kutengeneza, alianza kunakili. Aliunganisha diski mpya, akatumia programu iitwayo ddrescue, isiyouzwa. Kwanza huchukua sehemu nzima. Ikikuta pabovu hupita, ndipo mwishoni hurudi kujaribu palipobaki. Katika diski mgonjwa haiandiki kitu. Umeme ulikatika mara mbili, lakini programu ilikuwa imeweka alama ya mahali ilipofika, ikaendelea. Akatuonya kwamba diski ikigonga tu bila kusoma lolote, isilazimishwe, bali ipelekwe kwa mafundi wenye chumba kisicho na vumbi.

Siku ya tatu majina mengi yalirudi, na la msichana yule likiwamo. Mengine hayakurudi. Kwa hayo, Sheria ya Kanisa, kanuni 876, hukubali tamko la shahidi mmoja asiye na shaka, ikiwa hakuna atakayedhurika. Basi sasa twazunguka nyumba kwa nyumba tukiwauliza wazazi wa ubatizo, nao wengine ni wazee sana, na wengine tumekwisha kuwazika.

Mungu hasahau jina la mtu, sisi twasahau. Siku hizi twaandika kwanza kwa wino, kisha katika kompyuta, na nakala mbili, moja ikikaa mbali na ofisi. Nawe, msomaji, ufanye nakala leo, wakati diski yako ingali kimya.