Mji Bila Wajukuu

Mwaka jana, katika somo la tafsiri, tulipewa ukurasa mmoja juu ya Sun City, mji ulio karibu na Phoenix, huko Arizona, Marekani. Mjenzi wake, Del Webb, aliufungua tarehe 1 Januari 1960, akiwa na nyumba tano tu za kuonyesha, maduka na uwanja wa gofu. Watu walifika kwa foleni za magari. Nyumba zilikuwa za wale wanaokaribia kuacha kazi, na siku hizi kila nyumba lazima iwe na angalau mtu mmoja wa miaka 55 au zaidi. Mtoto anaweza kutembelea, kuhamia, hapana.

Tulitakiwa kupata jina la Kiswahili la makazi ya namna hiyo. Mwenzangu aliandika "makao ya wazee". Nilikataa, kwa sababu kwetu makao ya wazee ni pale masista wanapowatunza wasio na mtu, na hao wa Sun City wanaendesha vigari vya gofu na kuogelea. Mimi niliandika "kambi ya wastaafu". Kabla ya kurudisha karatasi, nilimsomea Kambo.

Kambo alifanya kazi ya mgodi miaka 31. Hapa Lubumbashi neno kambi lina harufu yake: nyumba za matofali zilizopangwa mistari, king'ora cha asubuhi, posho ya unga. Nyumba ilifuata kazi. Kazi ilipokwisha, kwa barua ya ukurasa mmoja, nyumba nayo ikadaiwa. Kwa pesa alizopewa Kambo alinunua kiwanja pembezoni mwa mji, akajenga vyumba vitatu, akakosa mabati ya kile cha tatu. Tunaishi humo watu tisa. Usiku mimi nasomea kwenye meza ya chakula, wenzangu wakishalala.

"Na batoto ya batoto yabo beko wapi?" aliuliza.

Nikamwambia: kwa wazazi wao, wanakuja siku chache tu. Nikangoja aseme kwamba Wazungu hawana utu, maana ndivyo tunavyoandika sote katika insha zetu: sisi tuna jamaa, wao wana upweke. Hakusema hivyo. Aliuliza ni nani anayewapa nyumba.

"Wananunua wenyewe, Kambo, mbele ya kumaliza kazi."

"Basi bale, siku ya kumaliza kazi banaijua."

Alitazama mlangoni, wadogo zangu walipokuwa wakigombania sufuria. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba angependa, si kila siku, kukaa mahali na wenzake wa zamu, wale waliobaki, bila mtu kuja kumwomba minervali.

Minervali ya mwaka ule ilikuwa yangu.

Sikupata la kujibu. Nilimuuliza tu kama neno kambi linafaa.

"Hapana. Kambi ni ya mukubwa wa kazi. Ile ni mugini yabo."

Nikafuta, nikaandika "kijiji cha waliomaliza kazi". Profesa alizungushia wino mwekundu neno kijiji, akauliza pembeni: kijiji gani kisicho na watoto? Alinipa 12 juu ya 20. Nilimwonyesha Kambo karatasi. Aliisogeza karibu na taa, akauliza kama 12 inatosha kupita.