Nililipwa Kufuta Bei ya Unga

Wacha nianze na sehemu inayoniaibisha ndio tuimalize mapema. Mwaka wa 2023 nililipwa thao tatu kufuta mchoro bora zaidi ambao mtaa wetu umewahi kuwa nao.

Si ati mtu alinilazimisha. Niliulizwa kama nataka kazi ya siku moja, nikasema nataka. Nilikuwa na deni dukani, kioo cha simu kilikuwa kimepasuka, na chuo kilikuwa karibu kufunguliwa. Nikapewa rola na ndoo mbili za rangi. Saa kumi jioni ukuta ulikuwa umekwisha.

“Sasa umekuwa msafi,” keyateka akasema. Hilo neno bado linanikera mpaka leo, kwa sababu ule ukuta haukuwa mchafu.

Nitakuambia ulikuwa na nini.

Sisi tunaishi huku Eastlands. Kuna ukuta mrefu wa ploti unaotazamana na stage ya mat. Mbele yake kuna vibanda viwili vya mboga, mama wa chapo, na fundi wa viatu. Kila mtu wa mtaa huupita angalau mara mbili kwa siku, akienda job na akirudi. Katikati ya 2022, wakati pakiti ya unga ya kilo mbili ilikuwa imevuka shilingi 200, jamaa mmoja anayechora matatu alikuja Jumapili asubuhi na makopo yake akaanza kuchora. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyemlipa.

Alichora pakiti ya unga yenye miguu, imevaa raba, inatoroka mbio. Nyuma yake alichora umati unaoifukuza: mama amebeba sufuria, mwalimu, askari wa kanjo, mtu wa boda, mtoto wa shule na sahani. Watu walicheka sana. Lakini ujanja ulikuwa kwenye tumbo la pakiti. Pale ambapo kampuni huweka jina lake, yeye alipaka mraba mweusi kwa rangi ya ubao wa darasani, halafu akafunga kipande cha chaki kwa kamba kando yake. Hakuandika chochote hapo. Alituachia sisi.

Siku ya pili mtu alikuwa ameandika 205.

Kuanzia hapo ule mraba haukulala. Mara mama mboga anaandika, mara mtoto ametumwa dukani anarudi na bei mpya na kuiandika kabla hata hajafika nyumbani. Tarehe 20 Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, serikali ilitangaza kwamba pakiti hiyo itauzwa shilingi 100. Mtu akafuta akaandika 100. Kesho yake, kwa mwandiko mwingine, chini yake kukaandikwa: “Iko wapi?” Maana ukienda dukani unaambiwa imeisha, au haijafika, au ile iliyopo ni ya bei ya zamani. Maneno mawili tu ya chaki, na yalieleza hali ya mtaa kuliko taarifa yoyote ya saa moja niliyosikia wiki hiyo. Baadaye ruzuku ikaondolewa, na bei ikarudi juu. Hiyo pia ikaandikwa.

Sasa mathe wangu. Yeye ni mtu wa siri kuhusu pesa. Mwezi ukikaza, alikuwa akinunua unga wa kupima, ule wa kadogo, na alikuwa akienda duka la mbali usiku ndio majirani wasimwone. Sisi watoto tulijua, lakini nyumbani hatukuwa tunaitaja. Aliamini kwamba kama hawezi kununua pakiti nzima, basi kuna mahali yeye kama mzazi amekosea. Labda hakupanga pesa vizuri. Labda angeacha chama kimoja.

Jioni moja tulikuwa tunatoka stage pamoja. Akasimama mbele ya ule mchoro. Kulikuwa na wamama wengine wawili hapo wanabishana kama bei iliyoandikwa ni ya duka hili au lile. Mmoja akasema kwa sauti, bila aibu yoyote, “Mimi nilishaacha pakiti, siku hizi napima.” Mwingine akajibu, “Ni nani hapimi?” Mathe hakusema kitu mpaka tukafika kwa mlango. Akiwa anatafuta funguo akasema, “Kumbe si mimi peke yangu.”

Nimesoma mambo mengi kuhusu sanaa ya barabarani na kwa nini ni muhimu. Hakuna kilichonishawishi kama hiyo sentensi. Umaskini wa mjini hukaa ndani ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa, na kila mtu anadhani amefeli peke yake. Bei ikiwa ukutani, mbele ya watu wote, inaacha kuwa aibu yako na kuwa swali letu. Na swali likishakuwa letu, lazima kuna mtu anayepaswa kulijibu.

Hii si mambo mapya Nairobi. Mapema 2012, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, wachoraji wa grafiti wakishirikiana na mpiga picha Boniface Mwangi walichora kuta za katikati ya jiji usiku. Mchoro uliojulikana zaidi ulikuwa wa mwanasiasa aliyevaa suti, lakini kichwa chake ni cha tumbusi, yule ndege anayekula mizoga. Watu wakawaita wanasiasa mavulture na jina likashika. Nilikuwa na miaka kumi. Buda alikuwa amenipeleka tauni kununua viatu vya shule, tukakuta watu wamesimama kwenye mchoro mmoja karibu na City Market. Hakuna aliyekuwa akihutubia. Walikuwa tu wamesimama wakiangalia, wengine wakitingisha kichwa. Buda alinivuta mkono tuondoke, lakini yeye mwenyewe akageuka kuangalia tena mara mbili.

Mwaka uliofuata wabunge wapya walianza kazi yao kwa kudai mshahara. Tume ya Mishahara ilikuwa imewapangia takriban shilingi 532,000 kwa mwezi. Wao wakataka takriban 851,000. Tarehe 14 Mei 2013, waandamanaji walipeleka nguruwe nje ya Bunge na kumwaga damu barabarani, nguruwe wakailamba mbele ya kamera. Kuna waliosema ni uchafu, na kuna waliowahurumia nguruwe. Lakini kuanzia siku hiyo hakuna aliyehitaji kuelezewa marupurupu ni nini. Hesabu ambayo ingehitaji kurasa za gazeti iligeuka kitu ambacho hata mtu asiyejua kusoma anaelewa.

Na si hasira tu. Wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, mchoraji wa Kibera anayejulikana kama Solo7 alizunguka akiandika jumbe za amani kwenye kuta na milango, wakati wengine walikuwa wanachoma. Ukuta ni kama mdomo, na unasema kitu kulingana na nani ameshika brashi.

Ndio maana narudi kwa ile siku yangu na rola.

Bei ya vitu ilikuwa haijashuka. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha VAT ya mafuta ya gari kutoka asilimia 8 hadi 16, na kufikia Septemba lita ya petroli Nairobi ilikuwa imepita shilingi 211. Kando ya pakiti ya unga watu walikuwa wameanza kuandika nauli pia, na gesi, hata bei ya nyanya. Ule ukuta ulikuwa umegeuka daftari la mtaa.

Halafu kampuni moja, sitaitaja, ikaongea na landilodi. Ilitaka ukuta kwa tangazo. Landilodi akalipwa. Fundi wao wa nembo angekuja Jumatatu. Kilichohitajika ni kijana wa kupaka rangi ya chini kwanza. Kijana akawa mimi.

Nilianza kufuta kutoka kushoto, kwa mtoto wa shule. Nilijiambia ni rangi tu. Nilipofika kwa mraba mweusi, mama wa chapo akaniita, “Kijana yangu, hata hiyo?” Nikasema, “Mama, nimetumwa tu.” Akarudi kwa jiko lake. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Tangazo lilikuja, na wacha niseme ukweli, lilikuwa limechorwa fiti. Familia inacheka mezani, meno yote nje, na chini yake ahadi ya kupata zaidi kwa pesa kidogo. Sina shida na wachoraji wanaofanya kazi za makampuni. Rangi inanunuliwa, kodi ya nyumba inalipwa, na wengi wa wale waliochora vitu vikali Nairobi wamewahi kula kwa kazi ya nembo. Msanii si malaika, naye pia ananunua unga.

Shida yangu ni nyingine. Angalia mtaa wenu kesho ukienda job. Hesabu kuta, maduka, vibanda na miamvuli iliyo na rangi ya kampuni fulani. Kila moja inaongea nawe kuhusu pesa: kopa hapa, bashiri hapa, nunua hii. Sasa hesabu kuta ambazo wewe unaweza kujibu. Hiyo ndiyo tofauti kati ya ule mchoro na lile tangazo. Tangazo lilikuwa linaongea juu ya pesa zetu, lakini halikuwa na chaki.

Kuna wanaosema sanaa haijazi sufuria. Ni kweli. Ule mchoro haukupunguza bei hata senti moja, na sitadanganya ati ulipindua kitu. Lakini Juni 2024, wakati Mswada wa Fedha ulikuja na pendekezo la VAT ya asilimia 16 kwa mkate, niliona kitu barabarani ambacho nilikuwa nimekiona kwetu. Watu wa rika langu walikuwa wamebeba vipande vya katoni, na kwenye katoni kulikuwa na hesabu. Bei ya mkate. Asilimia. Mishahara ya wakubwa. Wengine walikuwa wamechora, wengine wameandika utani. Kila katoni ilikuwa ukuta mdogo ambao hakuna landilodi angeukodisha. Mkate uliondolewa kwenye mswada tarehe 18 Juni, na tarehe 26, siku moja baada ya vijana kuingia Bunge na wengine kupigwa risasi wakafa, Rais akakataa kuutia saini. Hao waliokufa ndio walilipa gharama, si sisi tunaoandika. Nataja katoni kwa sababu moja tu: watu hawaendi barabarani mpaka kwanza wajue si wao peke yao. Lazima mahali fulani wamesimama pamoja wakasoma bei ile ile.

Baada ya hiyo Juni nilimtafuta yule mchoraji. Nilimpata gereji, anamalizia ubavu wa mat. Nikamwambia, bro, ni mimi nilifuta ile unga yako.

Akaendelea kuchora kidogo. Kisha akauliza, “Walikulipa ngapi?”

“Thao tatu.”

Akacheka mpaka akaweka kopo chini. “Rangi yote ya ule ukuta ilinigharimu soo nane. Wewe ndiye umepata faida.”

Nikamwomba msamaha. Akasema nisimwombe yeye. Mchoro ulikuwa wake, lakini bei haikuwa yake, kwa hivyo kama nina deni, nikalipe kwa wenye bei.

Nilikaa na hilo neno wiki nzima. Mwishowe nikaenda kwa mama wa chapo. Ukuta si wake, lakini kibanda ni chake, mabati na mbao zote, na una ubavu mmoja unaotazama stage. Nikamwuliza kama naweza kupaka hapo. Akaniangalia vizuri kisha akasema, “Upake, lakini hii ukifuta tutaongea lugha nyingine.” Nikanunua kopo dogo la rangi ya ubao na pakiti ya chaki. Sijui kuchora, kwa hivyo sikuchora kitu. Ni mraba mweusi tu na kamba.

Kwa hivyo kama uko mahali na umechoka kusikia kwamba uchumi unakua huku kwenu sahani inapungua, usingoje kuwa msanii. Omba ruhusa ya mwenye mbao, maana kanjo hawana utani na wewe hutaki kulala ndani kwa sababu ya chaki. Weka bei. Usiweke tusi wala jina la mtu, bei tu na tarehe. Halafu ondoka uache wengine waandike.

Jana nilipita hapo nikienda kuchukua mat. Mtu alikuwa ameandika bei ya mafuta ya kupikia. Chini yake, kwa mwandiko mkubwa wa mtoto, kulikuwa na swali: “Na chapo itabaki hivyo?” Mama wa chapo alikuwa ameshika chaki, anafikiria jibu.