Kuhesabu Nakala
Mama alipolazwa Kajiado na taifodi, dawa ya kwanza haikumsaidia. Karo yangu ikalipa bili, nikaacha chuo.

Sasa usiku, kwa bedsita yangu Kitengela, nikimaliza kuandika makala za watu, napakua jenomu za Salmonella na kuhesabu. Mashine husoma DNA vipande vipande. Sehemu iliyosomwa mara mbili ya wastani huenda ina nakala mbili. Jeni la usugu likijirudia, bakteria anaweza kuhimili dawa zaidi. Ila anayezaliana kwa kasi husomeka zaidi pale DNA inapoanza kunakiliwa, hata bila jeni la ziada. Usiporekebisha hilo, unajidanganya.

Mama hupiga simu: "Shule inaendaje?"

"Inaendelea, mum."

Bado sijamwambia.