Mbuzi hana mafuta? Shangazi, subiri kwanza!

Jamani wasomaji, siku hizi mjini kila mtu daktari. Hapa kwetu Katubuka, Kigoma, ukitaja presha tu, jirani kashakupangia dawa. Shangazi yangu aliambiwa hospitali apunguze mafuta. Jirani akadakia: achana na maziwa ya ng'ombe, kunywa ya mbuzi, eti hayana mafuta kwa kuwa hayajitandi utando juu. Bei yake imezidi, lakini shangazi ananunua kila asubuhi, roho kwatu!

"Shikamoo shangazi. Naomba nikueleze kitu."

"Marahaba baba, sema."

Ukweli ndio huu. Maziwa ya mbuzi yana mafuta kiasi cha asilimia 4. Ng'ombe wa kisasa, yule Friesian, 3.5 hadi 4. Wa kienyeji hupanda mpaka 5 hivi. Kondoo ndiyo usiseme, 6 hadi 7. Ngamia yumo kwenye 3. Mwepesi kweli ni punda, kama 1 tu, lakini nani atamkamua punda hapa mjini?

Utando je? Matone ya mafuta ya mbuzi ni madogo mno, hayakimbilii juu. Huyaoni, lakini yapo, na unayameza yote. Ya ng'ombe ukiyachemsha na kuyaacha yapoe, unaengua utando na mafuta kiasi yanaondoka nao. Kumbe shangazi alikuwa analipa zaidi kwa mafuta yaleyale!

Nikachungulia jikoni. Migebuka inaogelea kwenye mawese! Glasi ya robo lita ya maziwa ya mbuzi ina gramu 10 za mafuta. Kijiko kimoja cha chakula cha mawese kina 13 na ushee, na karibu nusu ni yale mafuta magumu ambayo madaktari wanatuonya nayo.

Shangazi akacheka, kisha akanuna. "Yaani mwanangu unaninyima mawese? Mimi, mtoto wa Ujiji?"

"Sikunyimi, shangazi. Naomba upime kwa kijiko, uache upawa. Nataka uje ucheze harusini kwangu."

Hapo akanyamaza. Siku hizi anapima kwa kijiko, huku analalamika mtaa mzima unasikia. Alalamike tu, mradi tunaye.

Nawe msomaji, kabla hujabadili mnyama, funua kwanza sufuria.