Kula Wima Mjini London

Kwetu mtu mzima alaye huku akitembea huonwa kuwa hana adabu, nasi tulipokuwa masomoni Uingereza tulishangaa kukuta kwamba wazee wa huko nao walilelewa hivyo hivyo. Bibi mwenye nyumba tuliyopanga alitueleza kuwa utotoni aliruhusiwa kula kitu kimoja tu njiani, nacho ni samaki wa kukaanga na viazi, tena pwani, wakati wa likizo. Chakula hicho kina heshima ya pekee. Kiliuzwa London tangu miaka ya 1860, na katika Vita Kuu ya Pili, serikali ilipogawa nyama, siagi na sukari kwa kipimo, samaki na viazi havikupimwa.

Mapishi ya Kimarekani yalipobisha hodi, basi, yaliingia kwa adabu na kuvua viatu mlangoni. Mwaka 1954, mwaka ule ule mgao wa nyama ulipokoma, kampuni ya Lyons ilianza kuuza hambaga kwa jina la Wimpy katika mkahawa wake wa Coventry Street. Hambaga hiyo ililetwa mezani katika sahani, pamoja na kisu na uma. Kentucky Fried Chicken ikafungua duka Preston mwaka 1965, McDonald's ikafika Woolwich mwaka 1974, na hapo ndipo uma ulipowekwa kando. (Sisi tuliozaliwa tukila kwa mkono hatuoni ajabu, lakini kwa Mwingereza yalikuwa mapinduzi.)

Wimbi tulilolishuhudia wenyewe ni la baadaye. Baada ya mtikisiko wa uchumi wa mwaka 2008, wapishi wengi vijana hawakumudu kodi ya mkahawa, walakini gari kuukuu walilimudu. Mwaka 2009 Yianni Papoutsis alianza kuuza hambaga katika gari lililoitwa Meatwagon. Gari likaibwa, naye mwaka 2011 akahamia juu ya baa moja huko New Cross, na watu wakamfuata na foleni yao. Mwaka huo huo Pitt Cue waliegesha trela chini ya daraja la Hungerford, wakiuza nyama iliyopikwa polepole kwa moshi, kama ipikwavyo katika majimbo ya kusini ya Marekani. Kufikia 2012 wote wawili walikuwa na mikahawa yenye milango, na kodi.

Tulisimama katika foleni za namna hiyo mara mbili tatu, posho yetu ikinung'unika. Nyama ya bega na ya kifua, ambayo kule Marekani ilikuwa chakula cha watu wa chini, hapa ilingojewa na makarani wa mabenki, na bei yake ilipita mlo wa kuketi katika duka la pai na viazi vya kuponda. Duka la namna hiyo lililokuwa jirani yetu lilifungwa tukiwa huko. Hatusemi kwamba trela ndizo zilizoliua. Kupanda kwa kodi na kuhama kwa wenyeji kulikwisha kuliua nusu. Bibi yetu alilia, akasema hana tena mahali pa kula nje bila kusimama.

Kwetu walimu liko na suala la jina. Wanafunzi wetu hupenda kusema "chakula cha mitaani". Lakini mtaa ni mahali watu wanapokaa na kujuana. Mama lishe wa Dar es Salaam na muuza roleksi wa Kampala wana wateja wao wa kila siku, hata wa mkopo. Kule King's Cross, ambako wachuuzi wa KERB walianza kukusanyika mwaka 2012, muuzaji wa leo kesho hakuwapo, na hakuwapo aliyemkopesha mtu. Tulipendekeza darasani "chakula cha garini". Mwanafunzi mmoja akatupinga, akasema heri "chakula cha foleni", nasi twaona kwamba yeye ndiye aliyelenga.