Kompyuta Mpya Isiyoona Mtandao

Mwanamke aliyefiwa na mumewe hukaa eda miezi minne na siku kumi, lakini njaa ya watoto haikai eda. Dada yetu alikuwa akichapa nyaraka za watu katika kibanda cha kukodi kando ya barabara ya Arusha na Moshi, hapa Maji ya Chai. Shemeji yetu alipofariki, Allah amrehemu, kibanda kilifungwa na mashine zikarudi kwa mwenyewe. Wateja hawakukoma kuuliza. Wengi walikuwa wazazi wa vijana waliomaliza kidato cha sita, wakitaka kujaziwa maombi ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na dirisha lilikaribia kufungwa.

Sisi kaka zake tukachanga. Vipande vilinunuliwa mjini Arusha kimoja kimoja, kwa kuwa bei ya kompyuta kamili ilitushinda, na mpwa wetu akaviunga sebuleni mwa mama yake.

Mashine ikawaka vizuri. Windows 11 ilipofika katikati ya kujisimika ikadai mtandao, ikakataa kusonga mbele. Jirani mmoja akasema bando limekwisha. Mwingine akailaumu ruta. Hayo hayakuwa na mashiko, kwani simu zetu zilikuwa zikitumia ruta ileile wakati huohuo. Kijana akachomeka waya wa mtandao. Taa ndogo za tunduni zikamemeta, ishara kwamba waya ni mzima, na bado Windows ikashikilia kuwa hakuna kitu.

“Wajomba, kadi ya mtandao ni nzima,” akatuambia, “ila Windows haijui kuzungumza nayo.”

Tulimwelewa. Kila kifaa huhitaji draiva, yaani programu ndogo ya kukitafsiria mfumo. Windows huja na draiva nyingi, lakini kadi iliyo mpya kuliko toleo lililosimikwa yaweza kukosa yake. Draiva hiyo hupatikana mtandaoni, na mtandao haupatikani bila draiva! Boksi la ubao mkuu lilikuwa na sahani ya draiva ndani yake. Kasha letu halina pa kuiingizia, kama makasha mengi ya siku hizi.

Kilichotuvusha ni simu. Kijana aliiunganisha na kompyuta kwa waya wa kuchajia, akaiamuru igawe intaneti kwa njia ya waya huo. Windows huzitambua simu nyingi namna hiyo bila kuongezewa chochote. Usimikaji ukaendelea hadi mwisho. Kisha akafungua orodha ya vifaa, akaona alama ya njano ya mshangao kwenye kadi, akaingia katika tovuti ya mtengenezaji wa ubao na kupakua draiva ya namba ileile ya ubao wetu. Kuifananisha namba hiyo ndiyo kazi hasa, maana ubao wa jina linalokaribiana waweza kuwa na kadi nyingine kabisa.

Wi-Fi ilionekana, dhaifu mno. Antena mbili zilikuwa bado bokisini. Zilipokazwa nyuma ya kasha, ikaimarika.

Baada ya Isha dada yetu alijaza ombi la kwanza, la binti wa jirani. Malipo yalipokelewa mlangoni na mwanawe, na draiva ile sasa imehifadhiwa katika flashi iliyofungwa kwa uzi ubavuni mwa kasha.