Kumpeleka Mama Dubai: Picha Zilikuwa Kali, Ila Ugomvi Haukupostiwa

Mjini hapa ukimposti mama yako yuko airport na mtandio mpya, komenti zinajulikana: "Mungu akuzidishie", "Na mimi nitafika kwa jina la Yesu", "Mashallah". Hakuna zawadi inayogusa watu kama hiyo. Ila kuna upande haupostiwi. Safari ya nje na mzazi ni kazi, tena inaweza kuwagombanisha watu wanaopendana kufa.

Mcheki dada mmoja wa Dar, miaka 31, kazi yake ofisini Posta. Alijichanga karibu miaka miwili, upatu juu ya upatu, ampeleke mama yake Dubai siku tano. Mama ana miaka 63, aliuza vitenge Kariakoo mpaka magoti yalipomkatalia kusimama. Binti akataka iwe sapraizi. Paspoti alimtengenezea kwa kisingizio cha Hija, "ikitokea bahati tu mama". Safari yenyewe akamwambia zikiwa zimebaki siku nne.

Vituko vilianzia uwanjani. Mama alibeba achari ya embe kwenye begi la mkononi, ikabaki kwenye ukaguzi, maana kitu cha majimaji kinachozidi mililita 100 hakipiti. Mama aliiaga ile chupa kama anaaga ndugu. Dawa zake za presha nazo akawa ameziweka kwenye begi kubwa lililokwenda chini ya ndege. Binti akasafiri roho mkononi, akijiuliza begi likipotea itakuwaje.

Kufika Dubai, metro. Mama akauliza, "Dereva yuko wapi?" Akaambiwa treni inajiendesha yenyewe. Akarudi nyuma hatua mbili. "Mwanangu, mimi kitu kisicho na mtu wa kumlaumu sipandi." Alipobembelezwa akapanda, akakaa behewa la wanawake na watoto, kisha akatoa karanga kwenye pochi. Binti nusu azimie, kula ndani ya metro ni faini ya dirham 100. Hapo stori bado tamu, na Instagram inafurahi.

Siku ya tatu ndiyo mambo yakageuka. Ratiba ya binti ilikuwa imejaa: maduka makubwa asubuhi, Burj Khalifa jioni, chemchemi za maji usiku. Mama alitembea bila kulalamika, ila kila penye benchi alisimama "kuangalia vitu". Binti hakushtuka. Wakapanda juu ya lile jengo la mita 828, picha zikapigwa, mama akatabasamu kwenye zote. Wakati wa kushuka akaiona risiti ya tiketi. Mtu aliyefanya biashara maisha yake yote hahitaji kikokotoo. Akabadilisha dirham kuwa shilingi kichwani, halafu akauliza taratibu, "Hela ya kupanda lifti hii ingenunua bati ngapi?"

Maana kuna nyumba Chanika. Ya mama. Imeishia kwenye lenta mwaka wa sita sasa, ndani inaota majani. Yeye bado anapanga vyumba viwili Temeke.

Usiku ule hotelini wakasemana. Binti alisema, "Mama, watu wanalilia nafasi hii, wewe unaongelea bati?" Mama akajibu, "Dunia nimeiona mwanangu. Paa langu ndilo sijaliona." Binti akaingia bafuni akafungulia maji ili asisikike akilia. Mama alimsikia. Hakugonga mlango, alikaa kitandani akikanda magoti.

Asubuhi ndipo wakaongea kama watu wazima. Mama akasema safari haikumuudhi. Kilichomuuma ni kuambiwa mwisho, kama mzigo unaopakiwa. Angeulizwa, angesema waende siku tatu, hela ya siku mbili iende Chanika, kwa sababu anaogopa kufia kwenye nyumba ya kupanga, maiti itolewe kwenye korido ya watu. Binti naye akatoa la kwake. Baba yake aliwahi kuomba apandishwe ndege hata mpaka Mwanza tu. Binti akamwambia "mwakani". Mwakani ilimkuta mzee yuko kaburini. Tangu hapo kila akimwangalia mama yake anahisi saa inakimbia.

Kumbe wote wawili walikuwa wanaogopa kitu kimoja. Kila mmoja alikuwa anakimbilia kwake.

Siku ya nne ratiba ikatupwa, mama akachagua yeye. Alitaka Deira, na si kwa ajili ya picha. Kwa miaka mingi alisikia jina hilo Kariakoo, kwa wenzake waliofuata mizigo, yeye akiuza kilicholetwa na wengine. Wakavuka mfereji kwa abra, kile kiboti cha mbao, mama akapumzisha magoti huku upepo ukimpiga. Madukani akabadilika kabisa. Akashika kitambaa, akakinusa, akageuka kama anaondoka, akaitwa, bei ikashuka. Kwenye ofisi moja ya mizigo mzee mwenye kanzu akamwamkia, "Hujambo bibie, watokea bara au visiwani?" Kiswahili cha Unguja kitupu. Walipiga soga nusu saa, binti akiwa amekaa pembeni kama mtoto aliyeletwa sokoni.

Mama akanunua mabaibui 12, akayauza Dar yote kwa majirani na wanakikundi. Faida haikuezeka nyumba, bati hazikutosha hata upande mmoja. Ila sasa kuna daftari, na kila mwisho wa mwezi wote wawili wanaandika humo walichoweka. Safari nyingine haijapangwa, na ikipangwa mama atakuwepo kwenye kikao.

Kwa hiyo kama unajichanga umpeleke Bi Mkubwa au Mzee, sapraizi achia bethidei. Mwambie bajeti, muulize anataka kuona nini, usidhani ni kile unachotaka kuposti wewe. Dawa zikae kwenye begi la mkononi pamoja na cheti cha daktari. Ukikata tiketi omba kiti cha magurudumu cha uwanjani, mashirika mengi hawatozi, na ukimsikia anasema "mimi si mgonjwa", mbembeleze. Kila siku moja ya kuzunguka, iwe na nusu siku ya kulala. Na akisimama penye benchi "kuangalia vitu", keti naye.

Wadau, mzazi wako ukimuuliza leo achague kati ya safari na bati, atachagua nini? Ushawahi kumuuliza?